Nilivyomfundisha Awa Kunyamaza

Jumanne, 8 Juni 1965

Leo Awa nusura atuuze. Hakukusudia. Ana miaka mitano, hakusudii kitu.

Sipai Lourenço, askari wa Wareno, alileta suruali yake ya kazi, imepasuka tena pale pale. Akakaa barazani na shuka kiunoni, anangoja nishone. Awa akasogea karibu yake. Akamwambia siku hizi mama anapika wali mwingi. Akamwambia sahani moja hupanda darini imejaa, hushuka tupu. Sindano ikaniingia kidoleni. Nikasema ni paka. Lourenço akauliza ni paka gani anayekula wali na kisamvu. Nikasema wetu, mama yake alitoka Unguja. Akanitazama sana, kisha akacheka. Sijui alicheka nini.

Darini yumo shemeji yangu Atumane, mdogo wake mke wangu Cadija. Alitoroka kazi ya barabara, ile ya kushikwa kwa nguvu, leo siku ya tano. Huko bara, Umakondeni, vita vinapiganwa tangu mwaka jana, na kila kijana anayetoroka Wareno humhesabu mpiganaji. Akikamatwa haonekani tena. Waliomficha pia. Inabidi avuke Ruvuma aingie Tanganyika, na Cadija anangoja watu wa kumpeleka. Mpaka hapo, kinga yetu ni mdomo wa Awa.

Nimemwambia Cadija asiwe na wasiwasi. Kulea ni akili, na akili ninayo. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 9 Juni

Nimebuni zimwi. Linaishi kisimani, linakula ndimi za watoto wasemaji. Nililieleza vizuri mno hata mimi nikaona taabu kwenda kuteka maji.

Awa alisikiliza mdomo wazi. Akauliza linakula ndimi kwa chumvi au bila. Akauliza kama lina mama. Alasiri nikamkuta kisimani na kifuu cha wali, analiita lije lile, lisione haya.

Kisha akaenda posto, kituo cha masipai, peke yake kumwuliza Lourenço kama amewahi kuliona. Naambiwa Lourenço aliegemeza bunduki ukutani, akachuchumaa, akasikiliza mpaka mwisho. Akanirudishia mtoto wameshikana mikono.

Hili limeniuma. Mwanangu ananipita barazani kumfuata sipai! Ana nini yule? Anachuchumaa tu. Nimemwuliza Cadija. Akasema labda ndiyo hiyo, kwamba anachuchumaa. Mke wangu hapendi kufikiri mambo kwa kina.

Ijumaa, 11 Juni

Watoto wa jirani Mamudo hukaa ukutani kama mitungi, hawasemi mpaka waambiwe. Leo Mamudo ameniuliza, kwa upole ule wake wa kuchoma, kama Awa wangu hajambo. Nikasema hajambo kabisa. Nikaingia ndani, nikatunga mpango wa pili.

Kashata. Moja kwa kila kimya cha kutoka adhana hadi adhana. Adhuhuri mpaka alasiri Awa hakutoa hata kikohozi. Nikashona kwa raha, nikasinzia, nikashona tena. Upepo wa kusi ulipeperusha vitambaa barazani na dunia nzima ikawa pole.

Lourenço akaja kuchukua suruali. Akamsalimu Awa. Awa akaziba mdomo kwa mkono. Akamwuliza ana nini. Awa akaondoa mkono, akamweleza taratibu kwamba hawezi kusema, baba anampa kashata ili asitaje yule wa juu. Akaziba mdomo tena. Mkono wa pili akaninyooshea mimi, anadai kashata yake. Nikampa. Ningefanya nini?

Nikasema yule wa juu ndiye paka. Lourenço akasema paka huyo anatunzwa.

Jumamosi, 12 Juni

Jibu limekuja usingizini.

Nilisinzia juu ya cherehani baada ya chakula. Nikaota nashona bahari. Maji yamekupwa, mchanga umeanikwa mweupe kama shuka, nami napiga pindo kutoka hapa Palma mpaka ng'ambo. Atumane alikuwa anatembea juu ya mishono yangu, hana haraka, viatu mkononi. Nikaamka shavu limeingia alama ya gurudumu. Nilisikitika kuamka.

Nikamsimulia Cadija. Akasema kheri inshallah, ndoto njema. Hapo hapo nikaona mwanga. Ndoto haiombwi kibali. Hakuna shefe, yule Mreno mkuu wa posto, anayeweza kumfunga mtu kwa aliloliota. Mtoto anataka kusema? Na aseme. Aanze tu na neno moja.

Nimemfundisha Awa kila jambo alitangulize "niliota." Ameshika mara moja. Akili kanirithi mimi.

Jumatatu, 14 Juni

"Niliota mjomba ananyolea wembe wa baba," Awa kamwambia Lourenço. Lourenço akatikisa kichwa tu, akasema kheri. Nilitaka kucheza ngoma.

Kisha Awa akaota kwamba Mamudo hujificha nyuma ya choo kula maandazi ya watoto wake. Mke wa Mamudo akaenda kutazama. Akamkuta na andazi kinywani. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba ndoto za Awa ni za kweli. Bila shaka ni za kweli, anaziona akiwa macho! Lakini hilo siwezi kulisema.

Alasiri mambo yakawa ya ajabu. Mwanamke mmoja alipita akasema ameota ungo wake uko nyumba ya tatu. Ungo ukarudishwa bila ugomvi. Mzee mmoja muuza samaki akasema ameota Wareno wanapakia vitanda vyao melini, mmoja mmoja, na magodoro. Watu wakaitikia kheri, kheri, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyegeuka upande wa posto. Mtaa wote ukawa unaongea hivyo, pole pole, kama watu waliolala wakiwa wamesimama. Sijapata kusikia Palma ikisema ukweli mwingi kiasi hicho.

Mimi mwenyewe nilimwambia mteja nimeota kanzu yake imekwisha. Akaenda zake ameridhika. Sijaikata bado.

Jumanne, 15 Juni

Lourenço amekuja kofia mkononi. Mkewe na watoto wako kwao bara, hajawaona tangu vita vianze, na barua hazifiki. Alimwomba Awa amwotee.

Awa akafumba macho pale pale. Akasema anamwona mama mmoja anatwanga uani. Yupo mtoto mdogo amevaa shati la baba yake, limemfika miguuni, anaburuza vumbi. Kuku wanamfuata wakidhani ni mchele. Lourenço akaibana kofia kifuani. Akasema shati hilo kweli aliliacha. Nilimhurumia, nasema kweli yangu.

Kisha akaharibu. Akasema shefe anamsumbua kuhusu watoro. Mtoto amwotee wanapita njia gani, yeye atarudi kesho kusikia. Awa akaanza kufumba macho. Nikaangusha mkasi juu ya mguu wangu kwa makusudi. Nililia kwa sauti mpaka akaondoka. Mguu umevimba.

Jumatano, 16 Juni

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia Cadija yote. Hakunigombeza. Maji yalipokupwa akamshika Awa mkono, wakaenda kuokota chaza.

Niliwaona kutoka barazani. Mbali kabisa, pale ambapo hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, watu wawili wadogo wamechuchumaa wanatazamana, kikapu katikati. Walikaa muda mrefu. Nilisahau nilikuwa nashona nini.

Walirudi na nusu kikapu tu. Awa ametulia. Hakununa, alitulia kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nikamwuliza Cadija amempa dawa gani. Akasema amemwambia. Amemwambia nini? Kila kitu. Kwa nini mjomba yuko juu, nini kitampata akionekana, maneno gani ni ya nyumbani na yapi ni ya barazani. Na kwamba akiwa na neno linamkera tumboni, amletee mama, wakati wowote.

Nilishika kichwa. Siri ya roho za watu, kumpa mtoto wa miaka mitano! Cadija akasema mtoto alikuwa hajui kama ni siri. Aliona sahani, akasema sahani. Nikacheka. Malezi hayako hivyo.

Lourenço akaja kusikia ndoto. Awa akasema ameota kuku wa rangi tatu. Bahati tupu.

Baada ya chakula Cadija akaja akachuchumaa mbele ya cherehani. Akanishika mkono, akanitazama machoni. Akasema pole pole kwamba Atumane ataondoka Ijumaa adhuhuri, njia ya Mute, ndani ya mkokoteni wa mihogo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema vizuri sana, Baba Awa. Nilifurahi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 17 Juni

Leo nimefanya kazi ya ustadi. Lourenço alipopita nikamwambia nami nimeota. Nimeota mkokoteni wa mihogo njia ya Mute, kesho adhuhuri, na chini ya mihogo hakuna mtu hata mmoja. Hila yenyewe ni hii: akishaambiwa hakuna mtu, ataona hakuna haja ya kwenda.

Alinishukuru. Akauliza ni saa sita au saa saba. Nikamwambia saa sita. Akaandika.

Nilishona mikono miwili ya kanzu kabla sijaelewa nilichofanya.

Nimemuua shemeji yangu. Cadija akaniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Akauliza kama Lourenço alipita leo. Nikasema alipita. Akasema haya, akaniongezea uji. Nashindwa kumtazama.

Ijumaa, 18 Juni

Alfajiri masipai wote wameelekea Mute. Posto amebaki mpishi peke yake.

Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie Cadija, mara tatu nikaomba chumvi. Msikitini niliswali huku nalia, jirani yangu wa safu akanisogelea na kuninong'oneza pole kwa msiba. Nikakimbia nyumbani na mguu wangu mbovu. Nikapanda darini. Mkeka umekunjwa, hakuna mtu. Cadija hayupo, Awa hayupo. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga kanyagio bila kitambaa, maana sikuweza kutulia. Sijapata kuogopa hivyo maishani.

Wakatokea pwani, yeye na Awa, na vikapu. Nikaanguka miguuni kwake nikaungama yote. Akasema alijua.

Atumane ameondoka kwa miguu juu ya mchanga, maji yamekupwa, katikati ya wanawake waokota chaza. Amejitanda kanga mbili, kikapu kichwani. Awa alimshika mkono njia nzima akimwambia bibi taratibu, bibi angalia shimo. Watu wa kumpeleka walikuwa wanangoja upande wa Kionga, kuelekea Ruvuma. Mkokoteni haukuwapo kabisa.

Nikauliza kwa nini aliniambia Mute. Akasema alihitaji masipai wawe Mute.

Nilifikiri kwa muda. Kisha nikaelewa. Cadija alikuwa ananitegemea mimi! Nikamwambia angenieleza mapema ningefanya vizuri zaidi. Akasema nilifanya vizuri sana.

Jumatatu, 21 Juni

Lourenço amekuja na suruali, safari hii ni miiba. Wameshinda juani siku mbili, hata ganda la muhogo halikupita. Nikamwambia ndoto nyingine hufasiriwa kinyume. Akafikiri, akakubali.

Akachuchumaa mbele ya Awa, akauliza siku hizi anaota nini. Awa akasema haoti tena, analala tu. Lourenço akampapasa kichwani.

Kisha akaniambia, macho kwenye suruali, kwamba shefe anataka kujua fundi mwenye ndoto za mikokoteni anakaa nyumba ipi. Yeye amejibu amesahau. Anaweza kusahau mpaka Jumamosi. Baada ya hapo shefe atauliza wengine. Nikamwambia asijali, suruali itakuwa tayari kabla ya Jumamosi. Alinitazama kwa masikitiko. Kazi ya upolisi huchosha watu.

Cadija alikuwa mlangoni. Akamkaribisha uji. Hajawahi kumkaribisha.

Jumatano, 23 Juni

Habari zimefika, Atumane yuko ng'ambo, anakula, amenenepa. Nimejumlisha mafanikio yangu. Mtoto amenyamaza, shemeji amepona, sipai anatuheshimu. Nimemwandikia Mamudo kurasa tatu za ushauri wa kulea. Ukurasa wa kwanza wote ni zimwi.

Kesho alfajiri tunakwenda Macaloe, kisiwa huko kusini, kwa shangazi yake Cadija, wiki moja. Alinieleza vizuri, amechuchumaa, amenishika mkono, nami nikarudia. Naona tunabeba vyungu vyote. Na kitanda. Cherehani imefungwa kwa mikeka, naandikia gotini. Nimemwuliza Cadija mizigo yote hii ya nini kwa wiki moja. Akasema shangazi yake ana mahitaji mengi.

Awa amegawa kuku wake kwa watoto wa Mamudo. Nimemwona anazunguka nyumba anagusa miimo ya milango, mmoja mmoja, na ukuta wa jikoni, na kisima. Watoto hukuza mambo.

Sasa natoka. Nitampelekea Lourenço suruali yake na kumuaga, nimwambie tuko Macaloe asije akatutafuta bure. Kabla ya kutoka nimemwuliza Awa, kwa kumjaribu tu, kama anajua tunakwenda wapi. Alinitazama machoni. Akanishika mkono. Akasema tunakwenda Macaloe kwa shangazi, baba, wiki moja, kisha tunarudi.

Mtoto huyu nimemlea mimi. Hajui kusema uongo.