Kalsiamu ya Ng'ombe Wetu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Ijumaa Mwalimu Alen anachagua mmoja wetu wa kwenda Tanga, kwenye mashindano ya shule, kueleza kalsiamu na vijilango vya ioni kwenye seli. Mada naijua yote. Ila nikisimama ubaoni natetemeka, sauti inakufa. Evodia, jirani yetu, hajui kitu, lakini mdomo anao. Kaniuliza mbele ya darasa kama nitakwenda Tanga kutetemekea huko. Wamecheka. Hata Mwalimu! Kisha Evodia kaniomba daftari langu. Nikampa. Sijui kukataa.

Jumanne, 13 Mei
Nimegundua! Kalsiamu ikipungua kwenye damu, vijilango vya sodiamu kwenye neva hufunguka ovyo, misuli inatetemeka bila kuamriwa. Basi mimi si mwoga. Nina upungufu! Dawa iko bandani: Malkia, ng'ombe wetu, kazaa jana, na maziwa ya kwanza yamejaa kalsiamu.

Jumatano, 14 Mei
Mama kaonya: siku hizi za kwanza Malkia asikamuliwe maziwa yote. Nimeitikia. Alfajiri nimemkamua mpaka tone la mwisho. Maziwa mazito, ya njano, dang'a tupu. Nimekunywa vikombe vitano! Nimeshinda chooni. Mikono inatetemeka, ila kwa adabu zaidi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimerudia. Mchana Malkia katetemeka, miguu ikaisha nguvu, akalala chini. Mama analia, majirani wamejaa. Bwana mifugo, Mzee Kornelio, kaja na pikipiki, akamtundikia chupa ya kalsiamu mshipani. Kauliza nani kamkamua akammaliza. Kauliza nani basi anajua kwa nini kalsiamu ikiisha ng'ombe anaanguka. Mimi! Isipopita vijilangoni, neva haiwezi kuiamuru misuli. Nilifungua mdomo. Hewa tupu. Evodia akajibu, neno kwa neno, daftari langu! Mzee kamwambia mwanangu, utafika mbali. Malkia kasimama. Mimi nilitamani kulala chini.

Ijumaa, 16 Mei
Evodia kasimulia darasa zima ng'ombe wetu alivyoanguka na kuinuka. Kasema aliyemmaliza maziwa hajulikani, huku kanikazia macho. Makofi. Zamu yangu: chaki imekatika mara mbili, nikakaa. Anakwenda Tanga yeye. Mwalimu kasema akipata udhuru, nitakwenda mimi. Kalisema kwa huruma. Bora angenichapa.

Jumamosi, 17 Mei
Malkia mzima. Akiniona anageuza makalio. Mama kaweka kufuli bandani, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Nimetafakari sana kosa langu. Nimeliona: vikombe vitano ni vichache.
Mbuzi wa maziwa wa kina Evodia kazaa leo asubuhi. Banda lao halina hata komeo.