Tathmini ya Jarida la Ng'ombe, Lukozi

Mwaka 1994 Serikali iliutangazia umma kwamba, kwa kuwa nchi imeingia kwenye soko huria, magonjwa ya ng'ombe nayo hayawezi kuachwa nyuma. Kila jarida la tiba ya mifugo lingepimwa. Litakalokosa alama sitini lingefungwa, na mashine yake ya kuchapia ingehamishiwa makao makuu, ambako mashine hupumzika vizuri zaidi.

Daktari Elinuru alikosa usingizi wiki nzima. Alikuwa mhariri wa Tiba ya Mifugo Milimani, kurasa ishirini zilizobanwa kwa pini, na alilipenda jarida hilo mno.

Kamati ikafika Lukozi: Mwenyekiti Dk. Ulimboka na katibu wake, Bi Jenipher. Walianza na uzito wa kitaaluma. Jarida likawekwa kwenye mizani ya karoti iliyoazimwa sokoni, likapata alama kumi na mbili kati ya hamsini. Hamsini nyingine zilikuwa za uhakiki.

"Nani anahakiki makala zako?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mama Yudith, mzee. Huyu hapa."

"Ana shahada?"

"Ana ng'ombe wanne."

Mama Yudith alivua buti mlangoni, akaketi. "Mie nikipewa makala, naenda nayo bandani," alieleza. "Nafanya kilichoandikwa. Ng'ombe akipata nafuu, napitisha."

"Na umewahi kukataa? Jarida lisilokataa halina uhakiki. Sifuri!"

Makala iliyokataliwa ilikuwa moja tu, na Elinuru alimfahamu vizuri mwandishi wake. Alimkonyeza Mama Yudith anyamaze. Mama Yudith akamuuliza kama jicho limeingia vumbi.

"Nilikataa moja," alisema. "Eti ng'ombe akivimba tumbo, afungwe mdomo hewa isizidi kuingia. Ng'ombe wangu nusura apasuke! Aliyeandika, ng'ombe kamwona kwenye sahani tu."

Dk. Ulimboka alicheka hadi miwani ikadondoka. Makala zake mwenyewe ziliandikwa na vijana wa ofisini, kama inavyompasa mkubwa, naye alizitia saini bila kuzisumbua kwa kuzisoma.

"Hamsini kwa hamsini!" alisema. "Na huyo mpumbavu tusimwache. Katibu, andika: apelekwe miezi mitatu kwa Mama Yudith akazoe mavi. Agizo hili halikatiwi rufaa." Akasaini, akagonga muhuri.

Elinuru alipiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Sitini na mbili. Machozi yakamlengalenga, ya furaha na ya hofu pamoja.

"Imebaki nafasi ya jina la mwandishi," alisema Bi Jenipher, akafungua faili la makala za jarida. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri sana, akamsogezea Mwenyekiti karatasi.

Dk. Ulimboka aliokota miwani, akaisoma.

"Nimeshagonga muhuri?"

"Umegonga, Mwenyekiti."

Mama Yudith alikuwa tayari anavaa buti. "Twende basi, mwanangu," alisema. "Beleshi ninalo."