Glasi ya Maji Juu ya Injini

Jumatatu, 3 Juni
Mama amekataa kupanda gari langu. Amekataa mbele ya shemeji, mume wa dada yangu, aliyekuja na gari lake jipya lisilosikika hata likiwaka. Jumamosi tunakwenda kumwoza binti wa mama mdogo. Mama anasema gari la marehemu baba linatetemeka mno. Safari iliyopita meno yake ya bandia yalimwangukia mapajani. Shemeji akajitolea kumchukua. Haraka mno. Mimi ndiye kifungua mimba. Mama hafiki harusini kwa gari la mkwe na mimi nipo hai.

Jumanne, 4 Juni
Nimepeleka gari kwa fundi. Injini ni nzima, anasema. Kosa ni mipira inayoishikilia: imekauka ikawa mawe. Tuweke ya kisasa, yenye mafuta ndani, ila iwe ya injini nzito kama hii. Nikauliza kama ipo laini zaidi. Ipo, ya vigari vidogo, haitufai. Nimetoka nikiwaza. Ugonjwa ni kutetemeka, dawa ni ulaini. Dawa ikizidi, si mgonjwa atapona upesi? Nimenunua ya vigari vidogo. Fundi hajui.

Jumatano, 5 Juni
Nimeifunga mwenyewe, uani. Nikawasha. Kimya kitamu. Nikamwita jirani ashuhudie, nikakanyaga mafuta aone nguvu. Injini ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Feni ikatoboa rejeta. Jirani akalowa hadi soksi. Mke wangu akauliza kama fundi aliniruhusu. Nikamjibu kwamba fundi ana mambo mengi.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi alicheka, akakaa chini, akacheka tena. Nikamwambia nimeuziwa kitu kibovu. Akasema kibovu anakiona, kimesimama mbele yake kimevaa shati la mistari. Nimelimeza tusi. Shida haina adabu. Ameziba rejeta, akachomelea vishikizo vipya, maana matundu ya zamani hayalingani na mipira ya kisasa. Safari hii, mipira aliyoichagua yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi ameweka glasi ya maji juu ya injini, imejaa pomoni, akaniambia niwashe. Nikawasha, nikashuka kutazama. Maji yametulia kama ya mtungini. Baba alihangaika na gari hili miaka ishirini, hakuwahi kuona hivi. Nikayanywa yale maji.

Jumamosi, 8 Juni
Mama alikubali kujaribu mpaka kona tu. Shemeji akatufuata nyuma, tayari kumpokea. Kufika kona, Mama amelala. Sikumwamsha. Nikaenda moja kwa moja mpaka harusini, shemeji akila vumbi letu. Mama akaamka, akauliza mbona nimezima gari. Lilikuwa linawaka. Nikamwomba arudie kwa sauti, shemeji hakusikia vizuri. Akarudia. Kisha akakipapasa kiti cha baba polepole.
“Baba yako angelishuka alisukume,” akasema, akacheka mpaka akafuta machozi.
Tulipoondoka, shemeji alimfungulia mlango wa gari lake. Mama akampita, akaja kwangu.

Jumapili, 9 Juni
Nimemweleza shemeji kwamba kazi yote ilitoka kichwani mwangu. Fundi alishika spana tu. Sasa ni zamu ya springi. Fundi anasema za kisasa zitafaa, ila nisithubutu kuchukua za vigari vidogo, gari litakaa chini kama kuku anayeatamia. Fundi hodari, ila mwoga. Nimepata za vigari vidogo. Laini ajabu. Nazifunga sasa hivi, kabla mke wangu hajarudi.