Viumbe Mia Mbili na Hamsini wa Mama Idil

Jumanne, 9 Septemba

Siku imefika! Abdihakim, mwenye banda la gemu kule Homa Bay, ametangaza. Mtu wa kwanza katika Migori na Homa Bay kukamilisha viumbe wote 250 wa gemu ya Morovia atapigwa picha, na picha hiyo itatundikwa bandani, kubwa kama mlango. Mtu wa kwanza! Ni nani kama si mimi, Gisiri, muuza dawa za mifugo, bingwa asiyetambuliwa wa mji wa Migori?

Nina 248. Miaka mitatu ya kuwinda kwa kimashine cha mkononi, chini ya kaunta, mwajiri wangu Madam Mellen akidhani nasoma maelekezo ya dawa. Wamebaki wawili tu. Zarkandi, ndege wa radi, hutokea mara moja katika gemu nzima. Alinitokea mwaka juzi. Nikampiga kwa nguvu zangu zote. Akazimia, akatoweka. Sijamwambia mtu. Wa pili ni Gubitoro, nambari 187. Huyo sijui hata anaishi wapi. Nimepekua mapango yote.

Wapinzani: hakuna.

Saa nane mchana. Mpinzani yupo. Mama Idil, yule mwenye duka la madera na leso, kaja kununua sumu ya panya. Miaka hamsini na minane, goti bovu, miwani inaning'inia kwa uzi. Akipekua mkoba wake akatoa kimashine kama changu! Nikauliza kama ni cha mjukuu. Akasema ni chake. Bintiye Idil, muuguzi wa Homa Bay, alimnunulia alipopasuliwa goti, akaambiwa akae kitako miezi mitano. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, amefikisha wangapi.

"Mia mbili arobaini na tisa," akasema. "Panya wangu ni wakubwa, mwanangu. Nipe ile kali."

Jumatano, 10 Septemba

Nimeenda kupeleleza. Nikajifanya namtafutia mama yangu leso. Mama Idil hakuficha chochote. Ana daftari! Kila kiumbe ana ukurasa wake, amechorwa kwa kalamu ya wino: pango lake, saa yake, anachopenda, anachoogopa. Na kila mmoja kapewa jina la mtu wa sokoni. Kobe mmoja mkaidi ameitwa kama mwanamume anayeuza viazi mkabala na duka lake. Nikatazama ule mchoro. Kweli wanafanana.

Mimi nilimnasa Pepelu baada ya wiki tisa za kuwekeana vita na kengele ya simu, maana Pepelu hutokea alfajiri tu. Yeye alimnasa siku ya pili. Huwa ameshaamka kuswali.

Na Zarkandi? Mara ya kwanza tu, kwa wavu wa bei ya chini kabisa. Nikauliza vipi. Akasema ni kama mteja. Ukimbana sana anakimbia, ukimlegezea sana anakimbia. Mwachie pumzi ya kutosha kusema sawa. Nikaandika kiganjani.

Anayemkosa ni mmoja tu: Gubitoro. Ukurasa wa 187 hauna kitu, alama ya kuuliza tu.

Nimenunua leso. Imeandikwa "Nakuona, nanyamaza." Mama atapenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata! Nimepata! Kuna konokono anaitwa Gubiti. Kila mwanagenzi humkanyaga kwenye pango la kwanza. Ninaye mmoja. Gemu inakuruhusu kumbadilisha kiumbe jina. Nimembandika jina GUBITORO. Nitampa Mama Idil, naye atanipa Zarkandi. Hatadhurika hata kidogo: ukishamnasa kiumbe, anabaki kwenye orodha yako milele hata ukimgawa. Ni utapeli wenye huruma.

Saa kumi jioni. Mikono inatetemeka, lakini niandike. Tuliketi dukani kwake, mashine mbili zikitazamana. Akamwona konokono. Akavaa miwani.

"Huyu ndiye Gubitoro?"

Nikasema ndiye. Akasema mbona ana uso wa Gubiti. Nikasema ni ndugu, upande wa mama.

"Una hakika, Gisiri?"

Nina hakika. Akanitazama. Akanitazama sana. Kisha akabonyeza.

Zarkandi mkononi mwangu! 249! Nilitaka kulia.

Ndipo mashine yake ikaanza kuimba. Konokono akatikisika, akang'aa, akaota pembe, gamba likageuka dhahabu. GUBITORO. Nambari 187. Kumbe Gubiti hugeuka Gubitoro pale tu anapohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine! Miaka mitatu sikujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kukubali kubadilishana nami. Uongo wangu umegeuka ukweli ukiwa njiani! Taji likatokea kwenye kioo chake. 250. Mimi ndiye niliyemkamilishia.

Akasema Subhanallah. Kisha, taratibu, akasema kumbe kweli alikuwa Gubitoro. Nikasema mimi huwa sisemi uongo.

Na hapo hapo, bila mimi kuomba, akaniambia nilete Gubiti mwingine. Atampokea, atageuka, atanirudishia, nami nimalize. Mwanamke wa namna gani huyu? Nimejiuliza njia nzima.

Habari za picha ya Homa Bay sikumwambia. Hakuuliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Jana kutwa nilikuwa pangoni. Unapomhitaji Gubiti, hayupo! Mteja wa Uriri alitaka dawa ya kupe, nikampa ya minyoo. Akarudi. Madam Mellen akanikuta chini ya kaunta. "Yawa, Gisiri! Ng'ombe wa watu!" Nikasema nilikuwa natafuta kifuniko.

Nilimnasa saa kumi na moja jioni.

Leo asubuhi Mama Idil akampokea, akamrudisha. 250! Taji! Alipiga makofi kuliko nilivyopiga mimi. Akanipa sambusa nne. Akauliza mbona nafunga viatu kwa haraka. Nikasema kuna ng'ombe anazaa kule Macalder.

Jumapili, 14 Septemba

Homa Bay. Shati limepigwa pasi kwa ajili ya picha. Abdihakim alishika mashine yangu kama daktari anayeshika mtoto. Akasifu. Akauliza nilitatuaje fumbo la 187. Nikasema kwa utafiti.

Kisha akabonyeza kitufe ambacho sijakigusa miaka mitatu. Kadi zikatokea za kila mtu niliyebadilishana naye. Ilikuwa moja tu. Jina: KURUTHUM. Viumbe 250. Taji. Tarehe 11 Septemba. Langu, tarehe 13.

Akauliza Kuruthum ni nani. Mama Idil huyo, kwa jina lake mwenyewe! Nikasema ni mwanafunzi wangu.

"Mwanafunzi amemaliza siku mbili kabla ya mwalimu?"

Nikasema mimi ni mwalimu mzuri sana. Akaomba namba yake ya simu. Nikampa, nikaruka tarakimu moja. Akazihesabu. Nikaongeza ile tarakimu.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Idil amekuja Homa Bay kwa mwito wa Abdihakim, Idil kamshika mkono. Nami nikaenda. Madam Mellen aliniruhusu haraka mno, akasema angalau leo dawa zitauzwa sawasawa.

Banda lilijaa. Mama Idil akafungua daftari lake juu ya meza. Vijana waliokuwa wakipiga kelele wakasogea mmoja mmoja. Kurasa mia mbili na hamsini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa macho. Hata mimi, ambaye nililiona wiki iliyopita, nilisimama kwa vidole vya miguu.

Abdihakim akamuuliza siri yake. Akasema asingemaliza bila Gisiri. Moyo wangu! Nikanyoosha kola.

"Aliniletea konokono akaniambia ni Gubitoro," akaendelea. "Nilijua ni uongo. Konokono ninamjua."

Kicheko! Nilitafuta mlango. Watu walikuwa wameuziba.

Abdihakim akauliza kwa nini basi alikubali. Akasema aliona mikono yangu inavyotetemeka kwa kumtaka yule ndege. Mtu mzima akimtaka ndege namna ile, akasema, mpe tu, utakuwa umefanya jambo.

Jicho langu liliingiwa na vumbi. Homa Bay ina vumbi.

Kisha Mama Idil akaniita kwenye picha. Nikakataa mara mbili, kwa heshima. Mara ya tatu nilikwenda mbio. Imetoka vizuri: yeye ameketi katikati, taji kwenye kioo, daftari mapajani. Mimi nimetokea bega na sikio. Sikio zuri.

Baadaye, nje, nikamwambia yote: picha niliyomficha, ng'ombe wa Macalder, tarakimu. Akasema alishasamehe tangu siku ile, ila niache uongo kwenye mambo ya kucheza. "Hapa ndipo mahali pa kupumzikia, mwanangu. Usipachafue." Niliapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 22 Septemba

Morovia mpya imetoka! Viumbe 400! Abdihakim ametangaza picha nyingine, ukuta wa pili. Mama Idil ameshanasa kumi na wawili, na kesho ataanza daftari jipya. Hakika hakuna kama yeye katika nchi hii.

Nami nimeanza leo, kwa uaminifu mtupu. Hakuna kiumbe hata mmoja nitakayembandika jina la uongo. Niliapa.

Mwanzoni mashine inauliza jina la mchezaji. Nimeandika KURUTHUM.

Mchezaji si kiumbe! Sasa Mama Idil akimaliza kabla yangu, Abdihakim abonyeze kile kitufe chake, aone Kuruthum wawili, atajua ni yupi?

Nimemweleza Madam Mellen mpango mzima. Akauliza, na mimi nikimaliza kwanza, itapigwa picha ya nani?

Maskini Mellen. Mambo ya gemu hayaelewi kabisa.