Damu ya Dada kwenye Chupa Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaficha kikaangio. Tangu baba mkwe apate kiharusi, nyumba yetu imegeuka wodi. Mayai ya kuchemsha! Bila chumvi! Kasema Jumatano nikapime presha na kolesteroli. Majibu yakiwa mazuri, kikaangio kitarudi. Yakiwa mabaya, nisahau kikaangio.

Lakini bahati imeniangukia. Leo saluni, redioni, daktari kasema mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X moja na Y, na hizo nazo zina mkono katika presha na kolesteroli. Sisi wanaume mara nyingi hutangulia kupata presha. Hapo mteja akaketi, nikawasha mashine ya kunyolea, yaliyobaki sikuyasikia. Ya nini? Kumbe mayai yanasingiziwa tu, mbaya wangu ni Y! Na mimi nina pacha wa kike.

Jumanne, 5 Machi

Dada Mkubwa ni fundi cherehani. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache, na mpaka leo ananiita mdogo wangu mbele ya wateja wangu. Nimemwambia madaktari wanapenda mapacha, twende tukapimwe pamoja. Akauliza nataka nini. Nikasema upendo tu. Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Lakini kakubali, maana ana uhakika atanishinda.

Jumatano, 6 Machi

Kliniki. Chupa mbili za damu mezani, kila moja na kibandiko cha jina. Muuguzi kageuka kufunga dirisha. Dada anakagua pindo la pazia, ananung'unika limeshonwa ovyo. Nikabandua, nikabandika. Mikono myepesi ya kinyozi! Sasa X mbili ni zangu.

Presha ndiyo haina kibandiko. Nilipofungwa ule mkanda mkononi, kijasho chembamba kikanitoka. Muuguzi akapima, akarudia, akaguna.

Ijumaa, 8 Machi

Majibu. Karatasi yangu (yaani ya Dada) kolesteroli iko juu, ya kutisha. Ya Dada (yaani yangu) safi kabisa. Nimeishiwa pozi! Mke wangu hakugomba. Alinishika mkono njia nzima, akasema taratibu, "Wewe usiniache." Heri angegomba.

Jioni Dada akaja kusherehekea. Kaja na kikaangio chake mwenyewe! Harufu nyumba nzima. Mdogo wangu huku, mdogo wangu kule. Alipokula yai la kwanza nilimeza mate. La pili nikakumbuka ile damu ni ya nani. Dada yangu huyu, aliyenishonea koti la harusi bila kuniambia lolote! Roho ikaniuma. Nikamnyang'anya sahani. Mke wangu akadhani ni ulafi.

"Dada, ile karatasi mbaya ni yako," nikasema. "Nilibadilisha vibandiko."

Dada akaweka uma chini. Akanizaba kofi la bega, kisha akalia, na mimi nikalia. Mke wangu akaondoka na kikaangio.

Jumatatu, 11 Machi

Tumerudia vipimo. Safari hii muuguzi kanikalisha mbali na meza. Dada kaanzishiwa dawa. Daktari kasema tumewahi, nikashukuru Mungu kwa sauti. Kanipa na ile nusu ya redio niliyoikosa: hedhi ikishakoma, wanawake wengi nao hupanda presha na kolesteroli, wengine hutupita. Mchango wa X mbili na mchango wa homoni, watafiti bado wanajaribu kuitenganisha. Na hayo ni ya watu wengi kwa ujumla. Mtu mmoja hajulikani mpaka apimwe, kwa damu yake mwenyewe. Hapo alinikazia macho.

Kolesteroli yangu ni nzuri kweli. Yaani ningetulia tu, nusu ya kikaangio ningekuwa nimeshairudisha tangu Ijumaa! Ila presha bado iko juu, nirudi wiki ijayo. Mke wangu kaamua Dada awe anakula kwetu, sote chungu kimoja, cha kuchemsha. Dada kanimenyea yai kama mtoto. Nimelila lote.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaza sana. Presha haina kibandiko, sawa. Lakini chumba cha kupimia kina pazia, na mkono ukipenyezwa pale hauonyeshi uso. Fundi viatu jirani yangu ana presha nzuri ya kujivunia, na mikono yetu inafanana. Nimemwahidi kumnyoa bure. Nimemsihi tu aisugue rangi ya viatu imtoke kwenye kucha.