Amour bin Shaame na Gauni Lililorudi Kavu

Sogeeni, enyi watu wa Malindi na Mkunazini, nanyi wa Ng'ambo, na jamaa wa mashamba mliokuja mjini kula sikukuu majumbani mwa watu! Mwenye kikombe akitue, na mwenye la kusema juu ya jirani alihifadhi kidogo, maana nnalo kubwa kuliko hilo. Nnawahadithia habari za Amour bin Shaame, Simba wa Baraza, Mfalme wa Keram, Mwenye Kanzu Isiyokunjika, namna alivyotoka siku ya Iddi mosi, bila mke, bila dada, bila mama mkwe, akamkojoza mwanawe.

Naam. Akamkojoza.

Chanzo cha vita hivi kilikuwa ulimi. Alasiri ya mwisho ya mfungo, Amour alisimama barazani mbele ya wenziwe akatoa hotuba: "Kumtembeza mtoto sikukuu ni kazi gani? Unamshika mkono, unampandisha bembea, unarudi naye. Wanawake wamelikuza jambo hili mpaka limekuwa msiba!"

Hakujua kwamba dirishani, juu ya kofia yake, mkewe Bi Ummkulthum alikuwa akichagua mchele. Sauti ikashuka kama radi.

"Haya, baba! Mwezi ukiandama, Maryam wako. Na hao wenzio wawe mashahidi. Gauni lake likirudi kavu, Iddi pili, tatu na nne kaa hapo ucheze keram mpaka vidole viote sugu, sikuiti. Likirudi na mkojo, siku zote tatu utatoka na watoto wewe, mie nnakwenda zangu Matemwe kwa dada kulala."

"Nimekubali!" akanguruma Simba, na wenziwe wakamtazama kama mtu aliyekwisha kuvishwa sanda.

Sasa lijueni hilo gauni. Lilikuwa jeupe, lenye marinda saba, na kwa desturi yetu sote lilinunuliwa kubwa ili livaliwe na mwakani; Maryam ana miaka minne, gauni lina miaka sita. Soksi ndefu za kufika kiunoni nazo kubwa. Kwa hiyo mama mtu alizikunja, akazibana kwenye shumizi kwa pini nane, mgongoni na ubavuni, na kila pini ina mahali pake na sababu yake. Amour hakuuliza. Simba haulizi pini.

Iddi mosi walifika kiwanja cha sikukuu. Bembea ya kwanza, ushindi. Juisi ya ukwaju, ushindi. Juisi ya pili, hapo ndipo jemadari alipojichimbia kaburi, maana haukupita muda Maryam akabana miguu, akavuta kanzu ya babake, akatamka maneno mawili yaliyotikisa kiwanja:

"Baba, mkojo."

Akamnyanyua! Akamkumbatia kama bendera, akapasua umati wa mapulizo na bunduki za plastiki, akakanyaga miguu ya watu bila kuomba radhi, mpaka akafika penye ngome, choo cha kiwanja. Ngome ilikuwa na milango miwili. Wa wanaume ulikuwa na foleni hata mwisho hauonekani. Na kwenye mlango wa wanawake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi Bi Mwatum, mlinzi wa choo, mkono wake kwenye ufagio.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Bibi yangu, mimi ni Amour bin Shaame..."

"Hata ungekuwa bin nani, huku wanawake tupu. Nipe mtoto nimpeleke mie."

"Nnataka baba!" akapiga ukelele Maryam, na miguu ikabanana zaidi.

Bi Mwatum akamtazama mtoto, akamtazama mzazi aliyelowa jasho, akasimama, akapiga ndoo kwa ufagio mara tatu. "Jistirini humo! Anapita mwanamme, mwenyewe keshakufa huyo!"

Akaingia. Hapo ndipo alipokutana na pini. Ya kwanza ikamchoma dole gumba, ya pili ikamchoma dole gumba lile lile. Kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuziweka, akazitia mdomoni moja moja, huku marinda yote saba kayainua kwa kiwiko mpaka mtoto haonekani, imebaki sauti tu ndani ya mawingu: "Upesi, baba!" Pini ya nane ikatoka. Soksi zikashuka.

"Baba," ikasema sauti mawinguni, "hauji."

Enyi watu, wako wanaume waliovuka bahari na wasiwahi kukabiliwa na neno hilo! Amour alitaka kubembeleza, lakini pini nane zi mdomoni; alitaka kukemea, hawezi. Ndipo, nyuma ya mlango, mwanamke mmoja kwenye foleni ya wanawake akaanza mlio ule wa kina mama wa kukojozea watoto: "Shwiii..." Akapokea wa pili. Akapokea Bi Mwatum. Foleni nzima ikawa inapiga shwiii kama mvua juu ya bati, na Simba wa Baraza, pini mdomoni, akaungana nao.

Ukaja. Pembeni, mbali na marinda, wote.

Nyumbani Bi Ummkulthum aliupapasa upindo wa gauni, akaunusa, akasema, "Kavu." Soksi zilikuwa zimegeuka mbele nyuma, hilo halikuwamo katika mapatano. Mama yake Amour akapiga vigelegele, akamletea mwanawe mto wa kuegemea na sahani ya halua. "Kachoka mwanangu, jamani!"

Mkadam, sahibu yake wa keram, akasimama mbele ya wageni nyumba nzima. "Katika ukoo huu wamepita manahodha! Wamepita makadhi! Lakini nani kati yao aliyemkojoza mtoto?" Hakuna, wakajibu watu, hakuna! Ikafuata hotuba ya pili. Kwenye ya tatu wakaona haifai mke asiwepo kumsifu mumewe hadharani.

"Ummkulthum!" akaita Mkadam.

"Naam!" ikajibu sauti kutoka chooni. "Nna Talib huku!"

Talib ndiye mdogo wake Maryam, ana miaka miwili, na hiyo ilikuwa safari yake ya tano tangu asubuhi.

"Basi, mwacheni," akasema Mkadam, na hotuba ikaendelea.