Uzinduzi wa Mkalimani wa Mukuju

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye naye yuko njiani, wachungaji wetu, wazee wa koo zote, pamoja na zile ndogo ambazo sitazitaja kwa kubanwa na muda, wafanyabiashara mliovuka mpaka asubuhi hii, wananchi watukufu wa Mukuju, yoga noi! (Vigelegele.) Asanteni sana. Salamu hiyo ya Kiteso peke yake ni asilimia arobaini ya utekelezaji.

Mimi, Mratibu Mkuu wa Lugha Zilizoachwa Nyuma, Daktari Mtarajiwa Okwi, nina furaha isiyo kifani kuuzindua Mradi wa Mkalimani Karibu Nawe, ambao, baada ya kuwashirikisha mastekiholda wote katika hoteli moja safi sana kule Kampala, umeweka frimwaki ya kuhakikisha kwamba Mteso, Msamia au Mjopadhola akifika hospitalini hatachekwa, hatarudishwa nyuma ya foleni, wala hatafokewa "Ongea lugha ya watu!" kana kwamba mama yake alizaa bubu. (Makofi.) Aibu hiyo naijua. Shuleni nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiteso, na leo, jamani, nimevaa tai! (Kicheko.) Kiteso chenyewe nimekisahau chote, ndipo wakubwa wakaniamini nikilinde.

Na mkalimani ndiye huyu hapa, Bi Ajambo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Busia, anayepatana bei kwa Kisamia, Kiteso na Kiswahili bila semina hata moja. Geuka, Bi Ajambo, kamera ione beji. (Mama mmoja anasimama mbele, anaongea kwa Kiteso.) Mama, keti. Maswali tutayapokea kwa Kiingereza, kwa maandishi. (Haketi. Anaongea tena, mkono kifuani.) Haya, Bi Ajambo, mwambie anyamaze, lakini kwa heshima.

("Mkubwa, huyu ni Mama Ariokot," asema Ajambo. "Yeye nasema iko na kitu gumu ndani ya titi. Hospitali nataka mtu ya kutafsiri, na nyumbani kwake mwenye najua Kizungu ni mkwe wake tu, Ojulong. Sasa mama naweza kuonyesha mkwe titi? Kijana aliona haya, akaambia daktari ni malaria. Mama amemeza dawa ya malaria mpaka amechoka, na ile kitu nakua.")

Pole sana, mama. Mradi wetu unathamini familia, na mkwe ni mkalimani asiye na gharama. (Wanawake: "Aka! Mkwe?") Ninajua, ninajua, mkwe na mama mkwe hata njiani hukwepana, mila hiyo naiheshimu na nimeiandikia sura nzima katika ripoti. Lakini kitakwimu, mama, wewe umeingia kwenye rejista kama malaria, na malaria katika eneo hili tumeidhibiti kwa asilimia tisini na nane, kwa hiyo kwa mujibu wa data zetu wewe umeshapona.

("Mulitangaza kanisani mkalimani amefika," asema Ajambo. "Mama amekuja kuchukua mkalimani.")

Amefika, ndiyo, amefika kiuzinduzi! Jamani, tusiharibu shughuli. Nikisema "Lugha yako!" ninyi mjibu "Haki yako!" Lugha yako! Nimesema, lugha yako! (Mbuzi analia.) Ahsante.

Kwa kumalizia, nalishukuru kanisa kwa viti. Namshukuru Bwana Emojong kwa ukuta wa nyumba yake tuliotundikia kibao cha "Ofisi ya Mkalimani", na kishushwe polepole, rangi haijakauka, maana mchana tunakizindua Dabani na jioni Bulumbi. Zaidi namshukuru Bi Ajambo, aliyekubali kuacha omena wake juani ili avae beji kwa ajili ya picha. Sasa airudishe, maana tunayo hiyo moja tu na Dabani wanai... Bi Ajambo? (Ajambo amemshika mkono Mama Ariokot. Wameshika njia ya hospitali, na wanawake wanainuka kuwafuata.) Bi Ajambo! Beji! Jamani, mrudisheni huyo muuza omena, atatuingiza matatani! Huko hospitalini wataamini mradi upo!